Shabaha ya Bunduki ya Easofti: Somo la Kani na Mwendo

Easofti ni bunduki ya mchezo iliyoanza kutengenezwa Japani katika miaka ya 1970. Hairushi risasi ya madini, bali gololi ya plastiki yenye kipenyo cha milimita 6 hivi, inayosukumwa na hewa au gesi iliyogandamizwa. Wengi hudhani kwamba ili ipate shabaha njema, yafaa iongezewe nguvu. Dhana hiyo ina kasoro mbili. Kwanza, sheria ya Japani iliyorekebishwa mwaka 2006 iliweka kikomo cha nishati ya gololi hiyo chini kidogo ya jouli 1; ikizidi hapo, chombo cha mchezo huhesabiwa kuwa silaha. Pili, fizikia yenyewe haikubaliani nayo.

Tuchukue gololi ya gramu 0.20. Nishati mwendo ni nusu ya tungamo mara mraba wa mwendokasi. Hivyo jouli 1 huipa gololi mwendokasi wa meta 100 kwa sekunde. Kwa mwendo huo, ukinzani wa hewa huwa zaidi ya mara 30 ya uzito wa gololi! Mwendokasi ukiongezwa mara mbili, ukinzani huongezeka mara nne. Sehemu kubwa ya nguvu iliyoongezwa huishia hewani.

Sasa tuipe gololi ya gramu 0.30 nishati ile ile. Itatoka kwa meta 82 tu kwa sekunde. Lakini kwa kuwa kipenyo ni kile kile na tungamo limezidi, hewa huipunguza mwendo polepole zaidi. Kwa makadirio, baada ya meta 16 hivi gololi nzito ndiyo yenye kasi zaidi, na upepo wa kando hauipotoshi sana.

Jambo jingine ni mzunguko. Mwanzoni mwa mtutu, upande wa juu, huwekwa kipande cha mpira kilichojitokeza kidogo. Mpira huo huikwaruza gololi, nayo hutoka ikizunguka kinyumenyume. Gololi inayozunguka hivyo huielekeza hewa chini. Hewa nayo, kwa kanuni ya tatu ya Newton, huisukuma gololi juu. Athari hii hupewa jina la Heinrich Gustav Magnus, Mjerumani aliyeichunguza mwaka 1852. Mpira ukiwa mchafu au umekaa upande, mhimili wa mzunguko huinama, na gololi hupinda kushoto au kulia.

Basi shabaha njema hutokana na kufanana: gololi zilizo sawa kwa ukubwa na uzito, mtutu uliosafishwa, na mpira uliorekebishwa hadi gololi iruke kwa mnyoofu. Hata hivyo, jouli 1 yatosha kupofusha jicho; miwani ya kinga ni lazima.

Jaribio: Tengeneza bomba jepesi la karatasi. Liviringishe juu ya ubao ulioinamishwa hadi lianguke ukingoni mwa meza. Utaona kwamba halianguki mbele, bali hupinda kurudi chini ya meza.

Maswali:
1. Eleza kwa nini bomba hupinda.
2. Gololi ya gramu 0.25 yenye jouli 1 ina mwendokasi gani?
3. Kwa nini gololi nzito huhitaji mzunguko mkubwa zaidi?