Kabla Hujalipia Mtihani wa Kiingereza

Swali la kwanza si mtihani upi mwepesi, bali cheti unakipeleka wapi. Soma masharti ya chuo au ofisi inayokihitaji, uone jina la mtihani na alama wanazotaka, ndipo ulipe. IELTS, kwa mfano, ina Academic na ina General Training. Nimeona kijana akijiandikisha kwa ya pili ilhali chuo kilitaka ya kwanza. Ada ilikwenda, na muhula ukampita.

Matokeo ya IELTS hutambuliwa kwa miaka 2. Vyeti vya Cambridge, yaani C1 Advanced na C2 Proficiency, haviishi muda, ingawa chuo kinaweza kudai cha karibuni. C2 ndiyo kongwe: mwaka 1913 waliketi watahiniwa 3, wote wakaanguka. Siku hizi kuna nafuu, kwani ukikosa alama 200 za kufaulu lakini ukafika 180, unapewa cheti cha kiwango cha C1.

Alama za IELTS zisome kwa makini. Tuseme umepata 6.5 kusikiliza, 6.5 kusoma, 5 kuandika na 7 kuzungumza. Wastani ni 6.25, nao hupandishwa kuwa 6.5. Unafurahi, kumbe chuo kimetaka kila stadi isipungue 6, na ile 5 ya kuandika imekufungia mlango. Kwa hiyo tumia muda wako mwingi kwenye stadi iliyo dhaifu, hata kama inakuchosha. Katika kuandika, insha ya pili, ya maneno 250 au zaidi, ina uzito mara mbili ya ile ya kwanza. Usiiachie dakika za mwisho.

Kusikiliza nako kunatofautiana: Cambridge hukurudishia sauti mara ya pili, IELTS haikurudishii.

Kwenye kuzungumza, sisi wa Kiswahili tuna mtego wetu. "Amekuja" yetu haisemi kama ni mwanamume au mwanamke, basi ulimi ukiharakishwa humwita mama "he". Msamiati mgumu uliokaririwa hauponyi hilo. Chukua simu, jirekodi dakika 2 ukimwelezea mama yako kwa Kiingereza: anaamka saa ngapi, anapika nini, anacheka vipi. Sikiliza, uhesabu mara ulizomgeuza baba. Kesho urudie.