MWANAFUNZI WA KOMPYUTA NA AMANA YA ELIMU



Shukurani zote anastahiki Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba wake. Ama baad.

Ndugu wanafunzi na wazazi, kila mwaka baadhi ya vijana wetu hutoka hapa madrasa wakaingia vyuo vikuu, na siku hizi wengi huchagua kusoma kompyuta. Mmoja wao, ambaye sasa yuko mwaka wa mwisho, alitutembelea wakati wa likizo tukamuuliza amejifunza nini. Alizungumzia mambo matatu: kazi za masomo, kazi za kikundi na kupanga maisha ya mbele. Tumeona tuyafanye somo, ili wanaofuata wafaidike.

1. NAFASI YA ELIMU HII

Wapo wanaodhani kuwa kompyuta ni mambo ya dunia tu, hayana uhusiano na dini. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111 Miladia), aliitaja elimu ya hesabu pamoja na utabibu katika faradhi za kutoshelezana (faradhi kifaya), kwa sababu watu wanaihitaji katika biashara na katika kugawa wasia na mirathi. Ikiwa hakuna hata mmoja katika mji anayeijua, watu wote wa mji wanapata lawama.

Kompyuta nayo imejengwa juu ya hesabu. Mwanachuoni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi alifanya kazi Baghdad wakati wa Khalifa al-Maamun (813–833). Aliandika kitabu cha al-jabr, na sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu masuala ya wasia na mirathi. Jina la kitabu ndilo lililozaa neno aljebra. Jina lake mwenyewe, lilipotamkwa na watu wa Ulaya, likazaa neno algorithimu, yaani hatua zilizopangwa kwa utaratibu mpaka kufikia jibu. Kila programu ya kompyuta inafuata hatua za namna hiyo.

2. KAZI ZA MASOMO

Chuo kikuu mwanafunzi hapimwi kwa mtihani wa mwisho peke yake. Sehemu ya alama hutokana na mazoezi anayopewa muhula mzima. Hapo ndipo penye mtihani wa nafsi, kwani ni rahisi kunakili kazi ya mwenzako, na siku hizi zipo programu za akili mnemba zinazoandika jibu zima kwa dakika moja.

Kijana wetu alieleza kuwa kikundi chao cha watu wanne kilichagua kutunga programu ya kugawa mirathi. Mmoja wao akaleta programu iliyokwisha tengenezwa, wakaijaribu kwa mifano miwili mitatu ikajibu sawa. Wenzake wakataka waikabidhi hivyo hivyo. Yeye akakumbuka somo la mirathi alilosoma hapa, akaipa mfano mmoja zaidi. Hebu tuufanye pamoja.

Mwanamke amefariki. Hakuacha mtoto wala mzazi. Ameacha mume na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Baada ya mazishi, madeni na wasia zimebaki shilingi 4,200,000. Fungu la mume ni nusu, na fungu la dada wawili ni theluthi mbili.

Programu ile ilijibu: mume 2,100,000, na dada wote wawili 2,800,000. Jumlisheni. Mtapata 4,900,000! Imegawa shilingi 700,000 ambazo hazipo.

Wanazuoni wanaliita suala hili aul. Nusu ni 3 katika 6, na theluthi mbili ni 4 katika 6. Jumla ni 7, kwa hiyo mali inagawanywa mafungu 7 badala ya 6. Kila fungu ni shilingi 600,000. Mume anapata mafungu 3, yaani 1,800,000. Dada wanapata mafungu 4, yaani 2,400,000, kila mmoja 1,200,000. Jumla inarudi 4,200,000, na upungufu umemgusa kila mmoja kwa kadiri ya fungu lake.

Tuzingatie hapa. Lau programu ile ingekabidhiwa, mume angeweza kuchukua nusu yake kamili na dada wakaambulia kilichobaki, shilingi 2,100,000. Hapo wangekuwa wamepunjwa shilingi 300,000, na kosa lingesingiziwa mashine. Mashine haina dhima mbele ya Allah (s.w.). Dhima ni ya aliyeitunga na aliyekabidhi asichokifahamu. Anayenakili kazi za masomo leo anajizoeza kukabidhi asichokifahamu kesho, katika hospitali, benki au ofisi ya mirathi.

3. KAZI ZA KIKUNDI

Nabii Musa (a.s.) alipotumwa kwa Firauni alimuomba Mola wake ampe nduguye Harun awe msaidizi, kwa kuwa Harun alikuwa na ulimi fasaha zaidi. Hakuona haya kutaja kuwa mwenzake anamzidi katika jambo fulani. Vilevile imepokewa kuwa suala la aul lilipomfikia Khalifa Umar bin al-Khattab (r.a.), alishauriana na Masahaba kabla ya kuamua. Ikiwa wao walishauriana, mwanafunzi wa mwaka wa pili atajitosheleza vipi?

Lakini watu wengi bila ya kuelewana pia ni hasara. Mwaka 1999 Marekani ilipoteza chombo cha angani kilichopelekwa sayari ya Mars. Programu ya kundi moja ilitoa namba za nguvu kwa kipimo cha ratili, na kundi jingine likazisoma kwa kipimo cha metriki. Kila upande ulikuwa na wataalamu. Kilichokosekana ni kuhakikisha kuwa wanasema lugha moja, na chombo kikapotea.

Kwa hiyo kikundi kiandike mwanzoni nani anafanya nini, kwa kipimo gani, na mpaka lini. Kila mmoja aweze kuieleza kazi nzima. Na asiyefanya kazi jina lake lisiandikwe, kwani huo ni ushahidi wa uongo, hata kama ni rafiki.

4. KUPANGA MAISHA YA MBELE

Katika Surat Yusuf tunasoma mpango wa miaka 7 ya kulima na kuweka akiba kwa ajili ya miaka 7 ya ukame. Nabii Yusuf (a.s.) alipoomba kusimamia hazina alitaja sifa mbili: ulinzi wa amana na ujuzi. Mwanafunzi ajiulize kila mwaka kama ameongeza zote mbili.

Kijana wetu ameshaitwa na kampuni ya michezo ya kubahatisha, kwa mshahara ambao nyumbani kwao haujawahi kuonekana. Baba yake hana kazi, na wadogo zake wanasoma. Hakutuficha kuwa anapata tabu kukataa. Tulimwambia kuwa kamari ni haramu kwa anayecheza, na anayeitengenezea njia anasaidia katika dhambi. Tukamkumbusha pia kuwa milango ya halali ipo: shule, hospitali, bandari, mitandao ya simu, na benki zisizo na riba kama Amana Bank iliyoanza nchini mwaka 2011. Zote zinahitaji watunzi wa programu. Huenda mshahara ukawa mdogo mwanzoni. Nanyi wazazi, msiwabane vijana kwa kuwalinganisha na watoto wa jirani, mkawasukuma kwenye haramu kwa mikono yenu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini elimu ya hesabu imehesabiwa kuwa faradhi kifaya?
2. Mwanamke ameacha mume na dada wawili wa baba mmoja na mama mmoja. Zimebaki shilingi 6,300,000. Kila mmoja atapata ngapi?
3. Mwenzako wa kikundi anaumwa na hakufanya kazi. Utamsaidia vipi bila ya kusema uongo?

Tunamuomba Allah (s.w.) awape vijana wetu elimu yenye manufaa na riziki ya halali. Amin.

Wabillahi tawfiq.