Mjane na Siku Zake za Eda

Mwanamke aliyefiwa na mumewe, katika miji yetu ya pwani, huitwa kizuka. Na neno hilo hilo ndilo tuitialo kivuli kinachowatokea watu usiku. Jina lenyewe latosha kuonyesha tulivyomfanya.

Mwenyezi Mungu amemwekea miezi minne na siku kumi (Suratul Baqara, aya ya 234), na mwenye mimba ni mpaka azae. Muda huo si wa ndoa iliyokwisha, wala si wa maisha yajayo. Una siku zake wenyewe, nazo zataka mtu wa kuziishi. Lakini sisi twamvuta huku na huku. Wanawake wakubwa wa nyumba wamvuta nyuma: wamweka gizani, wamkataza kioo, wamkataza kusema hata na maharimu wake, kana kwamba naye amezikwa. Jamaa wa marehemu wamvuta mbele: matanga hayajaondolewa, wameshamwuliza atahamia wapi, nyumba itauzwa lini, na kwamba yuko fulani amtakaye. Masikini huyo hukaa baina ya mtu asiyeweza kumrudisha na kesho asiyoijua, na siku ya leo humpita.

Sharia imeifunga milango yote miwili. Katika zama za Jahiliya, kama alivyosimulia Zaynab binti Abi Salama, mjane alikuwa akiingia kijumba kibovu, akivaa nguo zake mbaya kabisa, asiguse manukato mwaka mzima. Uislamu ukaliondoa hilo, ukamtaka aache mapambo tu, kama manukato, wanja, hina na dhahabu, na alale nyumbani mwake. Asomaye Minhaj ya Imam Nawawi ataona kuwa yajuzu mjane kuoga, kukata kucha, hata kupamba kitanda na vyombo vya nyumba. Na kutoka mchana kununua chakula na mfano wake. Na usiku kwenda kwa jirani yake mwanamke kusokota uzi na kuzungumza, maadamu arudi alale kwake. Tazameni, ndugu zetu: kuzungumza! Faqihi alikumbuka kuwa mjane ana haja ya mazungumzo, nasi tumesahau. Basi mama auzaye mahamri apate kulisha mayatima wake hana lawama akitoka mchana kwa haja hiyo. Lawama ni ya wamsemao barazani, wala hawampelekei hata kibaba cha mchele.

Ama mlango wa mbele, aya ya 235 yakataza kuahidiana naye ndoa kwa siri au kufunga nikaha kabla muda haujatimia. Lililoachwa ni kudokeza tu. Na nyumba, kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ya Shafii ni kuwa ana haki ya makazi mpaka eda ishe. Warithi na wangoje. Fungu lake, thumni akiwa marehemu ana mtoto, na robo akiwa hana, halipungui kwa kungoja.

Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Mungu na hamm na hazan. Wanavyuoni wamefafanua kuwa hamm ni wasiwasi wa lijalo, na hazan ni huzuni ya lililopita. Hakujikinga na machozi, kwani alimlilia mwanawe Ibrahim. Basi, dada zetu mlio katika hali hiyo, lieni. Lakini kiwe kilio cha leo, na sala ya leo, na chungu cha leo jikoni. Akija mtu kuwauliza habari za mwezi wa tano, mwambieni mwezi huo haujaandama.

Abu Salama alipofariki mwaka wa 4 wa Hijra kwa jeraha la Uhud, Bi Umm Salama alisoma dua aliyofundishwa na Mtume, ya kuomba malipo ya msiba na badali iliyo bora. Na huku moyoni ajiuliza, ni nani aliye bora kuliko Abu Salama? Hakuwa na jibu, wala hakungoja kulipata ndipo aombe. Eda yake ilipokwisha, Mtume mwenyewe alimposa.