Dondoo muhimu: Vusha mwembe mchanga kiangazi cha Zombe

Mvua za masika zikikatika mwezi wa Mei, eneo la Zombe hukaa kavu hadi vuli ya Oktoba. Mche mchanga uvushe hivi:

• Matandazo: Tandaza nyasi kavu, unene wa sentimita 10. Acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina, mchwa wasilifikie.
• Maji: Mwagilia jioni, polepole, yazame mizizini.
• Upepo: Funga mche kwenye kigingi kwa kamba laini, usiikaze.
• Jua: Paka shina chokaa lisiungue.
• Mbuzi: Zungushia matawi ya miiba.
• Vuli: Mapema Oktoba, chimba kinga maji la umbo la nusu mwezi upande wa chini wa mteremko. Tone la kwanza lisikupite.