Mbu wa Milia

Watoto, mbu si wa namna moja. Yule wa malaria mwamjua: huuma usiku, na akitua ukutani huinua mkia. Leo twasoma habari za mwingine, mgeni. Kwao ni Asia. Hakuruka bahari, aliletwa na watu: mipira ya magari iliyokwisha kutumika hupakiwa melini, na ndani yake mayai ya mbu yameshikamana. Mwaka 1985 alionekana Houston, Marekani. Mwaka 1991 Nigeria. Halafu akafika kwetu Kongo. Mwaka 2019 watu wengi wa Kinshasa na Kongo Central waliugua chikungunya, naye alikuwa mwenezi mkubwa. Jina hilo ni la Kimakonde, lilitoka Tanzania ya kusini katika ugonjwa wa mwaka 1952. Maana yake kujikunja, kwa kuwa viungo huuma hata mgonjwa hawezi kusimama sawasawa.

Ni mdogo, mweusi, miguu ina pete nyeupe. Lakini mbu wa homa ya manjano naye yuko hivyo. Basi tazameni mgongo: mgeni ana mstari mmoja mweupe, umenyooka katikati, yule mwingine ana mistari iliyopindika kama kinubi. Jike tu huuma, tena mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza. Kwa hiyo chandarua, kilicho chema sana kwa malaria, hakitukingi naye tukiwa uani.

Hahitaji mto wala kinamasi. Maji machache yamtosha: ndani ya mpira, mkebe, tundu la mti. Hubandika mayai ubavuni mwa chombo, juu kidogo ya maji. Hapo wengi hukosea: humwaga maji, basi. Kumbe mayai hukauka bila kufa, hungoja miezi, na mvua ikirudi viluwiluwi hutoka. Wakati wa joto, siku kumi hivi zatosha yai kuwa mbu. Kila Jumamosi mwaga maji, sugua ndani kwa nguvu, kisha inamisha chombo. Mpira ujaze udongo. Mtungi wa kunywea ufunike.

Na makaburini? Mwezi wa Novemba twawapelekea wafu wetu maua katika mikebe ya maji, na mbu huyu aipenda mno. Tieni mchanga wenye unyevu badala ya maji: maua hukaa, mbu hana pa kuzaa.

Maulizo

1. Mbu huyu alivukaje bahari?
2. Kwa nini kumwaga maji hakutoshi?
3. Hesabu vyombo vyenye maji uani kwenu. Viko vingapi? Vingapi vina viluwiluwi?