Kichocho na Mafigo: Damu katika Mkojo Isidharauliwe

Katika sehemu nyingi za Afrika ambako watu huoga na kuteka maji mabwawani, wako wazee wanaosema kwamba mtoto wa kiume akikojoa damu ni dalili ya kukua tu. Wazo hilo si kweli, nalo limewadhuru wengi. Mara nyingi damu hiyo ni dalili ya kichocho, ugonjwa ambao usipotibiwa mapema waweza kuharibu kibofu na mafigo.

Aliyewagundua minyoo wa ugonjwa huu ni mganga Mjerumani, Theodor Bilharz, alipokuwa akifanya kazi mjini Kairo katika mwaka wa 1851. Lakini njia yao haikujulikana sawasawa mpaka mwaka wa 1915, ambapo Robert Leiper alionyesha huko Misri kwamba ni lazima wapitie kwanza ndani ya konokono wa majini.

Jambo lenyewe huwa hivi. Mgonjwa akikojoa majini, mayai ya minyoo huanguliwa, na vijidudu hutoka vikamwingia konokono. Humo huongezeka sana, na baada ya majuma kadhaa hutoka kwa maelfu. Mtu akiingia majini, hupenya ngozi yake kwa muda wa dakika chache tu, naye hana habari.

Minyoo wakiisha kukomaa hukaa katika mishipa ya damu iliyo kandokando ya kibofu. Kila yai lina mwiba nchani. Mayai yapenyapo ukuta wa kibofu, damu hutoka, hasa mwisho wa kukojoa. Mayai mengine hukwama, na mahali hapo hufanyika makovu. Miaka ikipita, mirija iletayo mkojo kutoka mafigoni huziba. Mkojo hurudi nyuma, na mafigo hutanuka na kudhoofika. Wengine hupatwa na saratani ya kibofu. Yafaa ijulikane kwamba mafigo yaweza kuharibika pole pole bila maumivu yo yote. Kwa hiyo mtu asingoje kuumwa ndipo aende hospitali.

Dawa iko, nayo ni vidonge vya prazikwanteli, ambavyo hupimwa kwa uzito wa mgonjwa. Lakini kwa miaka mingi watoto wadogo waliachwa nyuma, kwa kuwa vidonge hivyo ni vikubwa na vichungu. Basi wataalamu walitengeneza dawa ya namna hiyo iyeyukayo majini, iitwayo arprazikwanteli. Tangu mwaka wa 2019 mpaka 2021 ilijaribiwa katika Kenya na Kodivaa kwa watoto 288, wenye umri wa miezi 3 mpaka miaka 6. Watoto wa Kenya walikuwa na kichocho cha matumbo, na katika Kodivaa walikuwamo pia wenye kichocho cha mkojo. Watoto wapatao tisa katika kila kumi walipona, na katika Desemba 2023 wakaguzi wa dawa wa Ulaya walitoa kauli ya kuikubali.

Hata hivyo, dawa huua minyoo iliyomo mwilini. Haimzuii mtu asiambukizwe tena kesho yake. Kwa sababu hiyo yawapasa watu kufanya mambo haya:

1. Wajenge vyoo na kuvitumia, wala wasikojoe majini.
2. Watoto wakatazwe kuoga na kucheza katika mabwawa na mifereji yenye konokono.
3. Maji ya kuoga yachemshwe, au yawekwe katika chombo safi kisicho na konokono kwa muda wa siku mbili kamili, kwa maana vijidudu hivyo haviishi zaidi ya hapo.
4. Aonaye damu katika mkojo aende kupimwa upesi. Mkojo wa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana ndio huonyesha mayai vizuri zaidi.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mzazi ampelekaye mtoto wake hospitali siku ya kwanza ya kuona damu huziba ufa. Bali angojaye miaka, huenda akakuta mafigo yamekwisha haribika, na ukuta huo ni mgumu kuujenga.