Bomba Linapovuja Baada ya Dira: Namna ya Kuutambua Ukarabati Uliofanywa Ipasavyo

Wananchi wengi wanaofika ofisini kulalamikia ankara za maji huamini kwamba dira zao zimeharibika. Zipo dira mbovu, hatukatai. Hata hivyo, mara nyingi dira husema kweli, na maji yaliyohesabiwa yamepotea ardhini kati ya dira na nyumba. Kwa utaratibu wa huduma ya maji nchini, bomba linaloanzia kwenye dira kuelekea nyumbani huwa chini ya uangalizi wa mteja mwenyewe. Kwa hiyo yanayopotea hapo hulipiwa na mwenye nyumba, na kiungo kilichofungwa vibaya ni hasara yake kila mwezi.

Hesabu yake ni nyepesi. Uvujaji unaojaza ndoo ya lita 20 kwa saa moja hupoteza lita 480 kwa siku. Kwa siku 30 ni lita 14,400, yaani uniti 14 na zaidi, kwa kuwa uniti moja ni lita 1,000. Mwandishi wa makala haya aliwahi kulipia maji ya namna hiyo kwa miezi miwili kabla ya kuona majani yaliyokuwa yakinawiri kiangazi mahali pamoja tu pa uwanja wake.

Kipimo cha kwanza hakihitaji fundi. Funga koki zote za ndani na nje, hakikisha tangi la choo limejaa na halipokei maji, kisha tazama kigurudumu kidogo kilichomo katika uso wa dira. Kikiendelea kuzunguka, maji yanatoka mahali fulani. Dira yenyewe usiifungue. Hiyo ni mali ya mtoa huduma.

Hapo ndipo fundi huitwa, na hapo ndipo mwenye nyumba huondoka kwenda kwenye shughuli zake na kumwachia kila kitu. Tunashauri ubaki na utazame, kwani aina ya bomba ndiyo huamua namna ya kuliunganisha, na anayechanganya njia hizo atarudi baada ya wiki chache kudai malipo mengine.

Tuanze na bomba la chuma, ambalo bado limo katika nyumba nyingi za zamani. Viungo vyake hukazwa kwa hesi, ambazo mafundi wengi huziita tredi. Fundi anayejua kazi huja na spana za bomba mbili: moja hushika, nyingine huzungusha. Akitumia moja tu, nguvu yake husafiri hadi kiungo cha mbele na kukilegeza, nawe utapata uvujaji wa pili usiokuwapo asubuhi. Hesi hufungwa katani iliyopakwa dawa yake, au utepe mweupe, kwa kufuata upande ambao kiungo kitakazwa. Ukifungwa kinyume, utepe hujikunja na kutoka wakati wa kukaza.

Swali linaloulizwa sana ni kwa nini fundi hudai kununuliwa yunioni, ilhali soketi ni nafuu zaidi. Fundi hakuibii. Bomba la chuma hukazwa kwa kuzungushwa, na kipande kilichofungwa pande zote mbili hakiwezi kuzungushwa: ukikaza mwisho mmoja, mwingine unalegea. Yunioni ina nati yake katikati, hivyo huyakutanisha mabomba mawili yaliyotulia. Anayekuambia ataunganisha katikati ya bomba la chuma bila yunioni, muulize atalizungushaje.

Bomba la PVC lina ugonjwa wake, na tunaliandika jambo hili kwa msisitizo kwa sababu limezoeleka mno mitaani. Fundi hukosa soketi, huwasha karatasi au kuni, hupasha mdomo wa bomba mpaka ulainike, kisha husukumiza bomba jingine ndani. Moto usiopimwa huunguza upande mmoja na kuuacha mwingine, ukuta wa bomba huwa mwembamba mahali ulipotanuka, na masizi huzuia gundi kushika. Moshi wake pia ni sumu kwa anayeuvuta. Soketi ya PVC si ghali kiasi cha kulipia hasara hiyo.

Gundi ya PVC nayo haifanyi kazi kama gundi ya karatasi. Huyeyusha kidogo nyuso mbili ili ziwe kitu kimoja, kwa hiyo nyuso hizo lazima ziwe safi na kavu. Bomba hukatwa sawasawa kwa msumeno, ncha zake husuguliwa kwa tupa, gundi hupakwa pande zote mbili, na bomba husukumwa huku likizungushwa robo mzunguko, kisha hushikiliwa kwa muda wa nusu dakika. Maji yasifunguliwe papo hapo; makopo mengi huelekeza kusubiri saa 24 kabla ya kuweka mgandamizo kamili. Ni kero kwa familia, tunajua. Jazeni ndoo mapema.

Bomba la PPR huchomelewa kwa mashine yenye joto la nyuzi 260 za Selsiasi. Bomba na kiungo hupashwa kwa pamoja: sekunde 5 kwa bomba la milimita 20, sekunde 7 kwa la milimita 25 na sekunde 8 kwa la milimita 32. Huunganishwa moja kwa moja bila kuzungushwa. Joto likizidi, plastiki huyeyukia ndani na kuziba njia, na hapo utalalamika kwamba maji hayana nguvu. Likipungua, kiungo hushika leo na kuachia baadaye.

Ama bomba jeusi la polithini, linalotumika katika miradi mingi ya vijijini, halishikwi na gundi yoyote ya dukani. Hutumia viungo vya kubana vyenye nati na pete, au huchomelewa kwa mashine yake.

Tumewahi kukuta bomba limezungushiwa tyubu ya baiskeli na kufukiwa. Mpira huo unaweza kupunguza uvujaji wakati maji yanapotoka kwa nguvu. Siku za mgao, nguvu ikishaondoka, tundu lilelile linaweza kufyonza maji ya udongo yaliyolizunguka, na kama karibu yake pana shimo la choo, familia itayanywa maji yatakapofunguliwa. Tyubu itumike kwa saa chache tu wakati fundi anasubiriwa.

Kazi ikiisha, mwombe fundi asifukie shimo siku hiyo. Fungua koki ya mwisho mpaka maji yatoke bila udongo, kisha ukipangusie kiungo kitambaa kikavu na ukiguse tena baada ya nusu saa. Usiku, kila mtu akishalala, andika tarakimu za dira. Alfajiri, kabla ya yeyote kuchota maji, zisome tena. Zikiwa zilezile, fukia.